Nyumbani kwa Kambo: Malezi ya Wajukuu Wakati wa Mgomo wa Walimu mjini Lubumbashi

Utangulizi

Mgomo wa walimu kwa kawaida huelezwa kana kwamba una pande mbili tu: serikali, ambayo huahidi, na vyama vya walimu, ambavyo hudai. Kuna upande wa tatu usioitwa kwenye meza ya mazungumzo. Mwalimu anapoweka chaki chini, mtoto hatoweki. Lazima awe mahali fulani tangu asubuhi mpaka wazazi warudipo jioni kutoka sokoni, kazini au shambani. Mjini Lubumbashi, mara nyingi mahali hapo ni nyumbani kwa wazee waliomzaa baba au mama yake, ambao watoto wa mji huwaita, mwanamume kwa mwanamke, kwa jina moja: kambo.

Makala haya yanakusudia kueleza malezi hayo yametoka wapi, yanamgharimu nini mzee, na yanampa mtoto nini. Swali kuu ni hili: shule ikifungwa, je, kambo ni mlinzi tu wa mtoto, au anaweza kuwa mwalimu wake? Itaonekana kwamba jibu linategemea sana lugha.

1. Mgomo katika maisha ya shule

Mgomo si ajali katika historia ya shule za Kongo. Umekuwa kama majira mojawapo ya mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipomezwa na kupanda kwa bei, masomo yalisimama kwa muda mrefu, na mwaka wa shule wa 1991–1992 ulivurugika nchini kote. Ili kuwarudisha walimu darasani, wazazi walikubali kuwaongezea malipo kutoka mifukoni mwao. Mpango huo wa muda ukageuka desturi ya miaka zaidi ya ishirini na mitano.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, iliandika kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Neno hilo lilianza kutekelezwa kwa upana Septemba 2019. Wazazi walipoacha kulipa, watoto walifurika madarasani, lakini mwalimu alibaki na mshahara wa serikali peke yake, na wengine walikuwa hawajaandikwa katika orodha ya malipo. Ndiyo maana mgomo ulirudi. Mwaka wa shule ulipofunguliwa Oktoba 2021, walimu wengi hawakuingia darasani, na mjini Kinshasa wanafunzi waliingia hata katika jumba la Bunge wakidai masomo. Septemba 2024 mgomo ulirudi tena katika majimbo kadhaa, na mojawapo ya madai yake lilikuwa mshahara wa dola 500 kwa mwezi. Kabla ya mgomo wa 2021 kulikuwa pia na miezi ya 2020 na mwanzo wa 2021 ambapo shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2019 alijifunza mapema kwamba mlango wa shule hufungwa.

2. Kambo wa mjini

Huenda mtu akadhani kwamba mzee anayelea wajukuu ni desturi ya kale iliyohamia mjini bila kubadilika. Sivyo. Kambo anayeishi mjini ni mtu mpya katika historia ya Lubumbashi.

Mji ulianzishwa 1910. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, kwanza ilitumia wanaume wa mikataba mifupi walioacha jamaa zao kijijini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilibadili mpango: mfanyakazi aliruhusiwa kuja na mke na watoto, akapewa nyumba ya kambi, posho, hospitali na shule. Lakini nyumba ilifuata kazi. Aliyezeeka na kuacha kazi aliacha na nyumba, na wengi walirudi kwao. Kambi ilikuwa mji wa baba, mama na watoto. Mzee alikuwa kijijini, naye mtoto alimwona akipelekwa huko kutembea.

Hali hiyo iligeuka polepole. Familia zilipata viwanja vyao, yaani malupango, nje ya kambi. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya 1967, iliporomoka katika miaka ya 1990. Katika 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka humo kwa kulipwa mara moja tu, katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Wengi wa watu hao walikuwa wamezaliwa na kukua mjini. Hawakuwa na kijiji cha kurudia. Walibaki katika malupango yao wakizungukwa na watoto na wajukuu. Hivyo mzee amekuwa mjini kwa sababu kampuni imeondoka, na mjukuu yuko kwake mchana kwa sababu mwalimu ameondoka. Nyumba moja inabeba mizigo miwili iliyotuliwa na wengine.

3. Gharama isiyoandikwa

Watu husema kwamba kumwachia kambo mtoto ni bure. Maneno hayo yanafaa kuchunguzwa. Mtoto aliye shuleni asubuhi hali nyumbani saa hizo. Mtoto aliyebaki nyumbani huomba chakula. Wajukuu wanne au watano maana yake ni bukari ya ziada kila mchana, pamoja na unga wake, sombe lake na makaa yake. Mzee asiye na malipo ya uzeeni hulipa mgomo kwa unga.

Tena migomo mingi huanza pamoja na mwaka wa shule, mwezi wa Septemba au Oktoba. Katika Katanga huo ndio mwisho wa kiangazi, wakati wa kutayarisha mashamba kabla ya mvua. Kambo hawezi kuacha shamba kwa sababu wajukuu wamekuja. Basi huenda nao, nao hushika jembe. Kufanya kazi pamoja na mzee si jambo baya, na mtoto hujifunza mengi humo. Hatari ni kwamba wiki zikizidi, msaada wa mtoto huhesabiwa katika mipango ya nyumba. Siku shule inapofunguliwa, yule mkubwa zaidi, na mara nyingi msichana, huonekana kuwa mtu wa lazima nyumbani.

4. Maneno ya kambo

Hata hivyo, mtoto haondoki kwa kambo mikono mitupu. Huko husikia hadithi za Kalulu na Kabundi, hujifunza majina ya ukoo, na huingia katika utani ambao sheria zake hazifundishwi darasani. Kambo mwanamke humwita mjukuu wake wa kiume “bwana yangu”, na kambo mwanamume humwita mjukuu wa kike “bibi yangu”. Mtoto hucheka, hukataa, hujibu. Katika kujibu hujifunza kupima maneno mbele ya mkubwa bila kuogopa. Baba na mama hawana ruhusa ya utani huo.

Mfano huo unaonyesha pia jambo la lugha. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, bibi ni mke, si mama wa mzazi. Katika vitabu vya Kiswahili sanifu, bibi ni yule ambaye mtoto wa Lubumbashi humwita kambo. Mtoto akisoma sentensi “Bibi anapika”, huenda akauliza ni bibi ya nani. Vivyo hivyo yangu katika “bwana yangu” huwa wangu kitabuni. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atadhani mtoto amekosa. Anayeijua atakuwa na somo tayari, lililoletwa kutoka nyumbani.

5. Kusoma pamoja na kambo

Lipo jambo moja ambalo hadithi na utani haviwezi kulifanya. Kusoma na kuandika hukaa kichwani kwa mazoezi ya kila siku. Mtoto wa darasa la tano hukumbuka baada ya mapumziko. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeanza kuunganisha silabi hupoteza upesi. Ni hapo kambo angeweza kusaidia, na ni hapo mara nyingi huzuiwa.

Kizuizi chenyewe ni daftari. Tangu 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Baada ya mkutano wa wanaisimu uliofanyika Lubumbashi 1974, lugha za taifa zilirudishwa katika miaka ya mwanzo, na sheria ya elimu ya 2014 imezipa tena nafasi hiyo. Lakini katika shule nyingi za mjini Kifaransa kimebaki peke yake, na wazazi wenyewe hukitaka. Sasa, wako wazee wasioweza kufuata ukurasa wa Kifaransa lakini wanaosoma Kiswahili bila shida, kwa kuwa wamekisoma miaka yote katika Biblia, katekisimu na vitabu vya nyimbo. Mzee wa namna hiyo akipewa daftari la mjukuu hulifunga na kusema hajui. Kwa kweli anajua. Aliyokosa ni lugha ya daftari, si kusoma.

Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Anayesoma silabi zake anaweza kumsikiliza mtoto na kumsahihisha. Hata kambo asiyejua herufi anaweza kusimulia hadithi, mtoto wa darasa la nne akaiandika, kisha akamsomea. Mzee atajua mara moja neno likiruka, maana hadithi ni yake. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya daftari na kalamu. Inahitaji shule iwaambie wazee, kabla mgomo haujaanza, kwamba kusoma Kiswahili ni kusoma.

Hitimisho

Kambo hawezi kuchukua nafasi ya mwalimu, wala haifai serikali ijifiche nyuma ya mgongo wake. Dawa ya mgomo ni mshahara unaotosha na kulipwa kwa wakati. Lakini siku za mgomo zimekuwa nyingi mno katika maisha ya mtoto wa Kongo hata zisiweze kuhesabiwa kuwa siku tupu. Katika siku hizo Kiswahili ndicho chombo ambacho mzee na mjukuu wanacho wote wawili. Watayarishaji wa vitabu na walimu wa lugha wakikiweka mikononi mwao kwa maandishi, mtoto atarudi darasani akiwa bado anasoma. Wasipofanya hivyo, atarudi na hadithi nzuri za Kalulu, na kuanza tena na herufi a.