Tutunze rele ya foni yetu

Ndugu wanamemba, ile «tak» munayosikia mukibonyeza kitufe cha foni ni sauti ya rele. Ni swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme. Kazi yake ni kuhamisha antena: toka kusikiliza kwenda kusema, kisha kuirudisha.

Maisha ya rele hatuyahesabu kwa miaka, tunahesabu mara ngapi inafunga na kufungua. Rele ndogo nyingi zinaweza kucheza mara milioni 10 kama hakuna umeme unaopita. Lakini zikikata umeme wa kiwango chao kamili, zinafika kama mara 100.000 tu, sababu cheche zinaunguza vyuma vinavyogusana.

Tuangalie wapenzi wa redio wanaotuma herufi za Morse. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, rele inayofuata kila alama inacheza karibu mara 280 kwa dakika, ni kusema mara 16.800 kwa saa. Ndiyo maana wengi wanaiacha imefunga mpaka mwisho wa sentensi, na nguvu inatoka tu rele ikisha kutulia.

Na sisi tufanye vile. Foni yetu inatuma nguvu hasa sauti inapoingia. Basi: bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Maliza kusema, ndipo uachie. Watoto wasichezee kitufe.

Rele ikiungua, bei za soko hazitufikii tena, na mnunuzi ndiye atatupangia bei ya mihogo yetu.