Kuitazama Mishipa ya Damu bila ya Kisu

Kaka yangu mkubwa, mkulima wa alizeti hapa Singida, alikuwa akitawadha kwa sala ya alfajiri kopo likamponyoka mkono wa kulia. Ulimi ukamwia mzito kwa dakika chache, kisha akarejea hali yake. Watu wa nyumbani walisema amepitiwa na upepo mbaya, nami nikamsomea. Kusoma si kosa. Kosa langu ni kukomea hapo, ilhali Mtume s.a.w. ametuamuru tutafute matibabu. Siku ya nane kiharusi kilimwangusha, na hata leo mkono ule haufungi kifungo cha kanzu.

Nilimsindikiza hospitali moja kubwa ya Dodoma. Alipakwa jeli shingoni, kikapitishwa kifaa kidogo mfano wa kipande cha sabuni. Hakuchomwa hata sindano. Kifaa hicho hutoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la mwanadamu. Sauti hiyo hugonga chembe za damu zinazokwenda, ikarudi imebadilika, na badiliko la namna hiyo lilielezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842. Pahala mshipa ulipobanwa na mafuta, damu hupita kwa kasi, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo kwa kidole. Mshipa wa kaka uliobanwa ulikuwa wa kushoto, kwani ubongo wa kushoto ndio uendeshao mkono wa kulia. Daktari akasema kule kuponyoka kwa kopo kulikuwa ndiyo onyo, na siku ile ile ilitupasa kwenda hospitali.

Kwa miguu, hasa ya wenye sukari na wavuta sigara, kuna kipimo chepesi zaidi: presha hupimwa mkononi na kwenye kifundo cha mguu. Ya mguu ikiwa chini ya sehemu 9 katika 10 za ile ya mkono, mshipa hushukiwa kuwa umebanwa.

Wala msidhani haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 ulikuta kwamba, umri ukisawazishwa, kiharusi kipya huwapata watu kama 109 kwa mwaka katika kila 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam.

Si kila mtu ahitaji mtambo ule, wala hauko kila zahanati. Kupima presha ndiyo hatua ya kwanza. Nami nilipimwa juma lile lile, ikaonekana iko juu. Mama watoto ameiondoa chumvi mezani, nami nala mlenda wangu kimya.