Mama, Waulize Kwanza Kama Wataziba Mianya

Kazi yangu ni kupuliza selulosi ya kuhami joto kwenye nyumba za Lewiston na Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, na kwenye kampuni yetu mwenye nyumba akizungumza Kiswahili natumwa mimi. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliohamia huku sasa wananunua nyumba, na nyingi wanazozimudu ni kuukuu, za zaidi ya miaka mia. Ndani ya kuta hamna kitu. Juu ya dari unakuta vumbi na inchi tatu nne za sufu ya kioo iliyosinyaa.

Maine ndilo jimbo linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba joto kuliko majimbo mengine yote ya nchi hii. Tangi la kawaida hujazwa galoni 250 hivi. Galoni ikiwa dola 3 na senti 50, hiyo ni dola 875 kwa mjazo mmoja, na katika baridi ya Januari nyumba isiyohamiwa hulikausha tangi hilo kwa wiki chache. Ndiyo maana watu wetu wanauliza bei ya kuhami nyumba, na ndiyo maana inaniuma nikiona wanauziwa nusu ya kazi.

Mama mmoja wa Fizi, kule kwetu Kongo, anayehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, alinionyesha makadirio mawili kutoka kampuni mbili. Yetu haikuwamo. Moja lilisema dola 2,600, jingine dola 5,100, kwa dari lilelile la futi za mraba 1,000.

“Mwanangu, hawa si wanauza kitu kimoja?”

“Hapana, mama. Huyu wa kwanza anamwaga selulosi basi. Wa pili anaanza kwa kuziba.”

Joto hupanda, na nyumba ya zamani ina njia nyingi za kulitoa: pembeni mwa dohani, kwenye matundu ya taa, kwenye kifuniko cha kupandia darini. Hewa ya moto ikitokea juu, ya baridi inavutwa kuingia kutoka chini, kwenye msingi. Selulosi ni karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa dawa ya borati isishike moto upesi. Inapunguza kasi ya joto kupita, lakini upepo haiuzuii sawasawa. Kuimwaga juu ya mianya iliyo wazi ni sawa na kuvaa sweta peke yake kwenye upepo wa ziwani. Tena mvuke wa jikoni na bafuni hupanda na hewa hiyo, ukagandia kwenye mbao za paa, na mbao zikaota ukungu.

Kampuni ya pili ilikuwa imefunga feni kubwa mlangoni na kuvuta hewa ya nyumba nzima, ikapima inavuja kiasi gani na wapi. Ndani ya zile dola 5,100 kulikuwa na kuziba mianya, kutengeneza kisanduku juu ya kifuniko, kupeleka bomba la feni ya bafuni hadi nje, kuhami ukingo wa msingi, kisha inchi 17 za selulosi. Kila inchi ina kipimo cha R, yaani uwezo wa kuzuia joto kupita, cha kama 3.5, kwa hiyo inchi 17 zinakaribia R-60, kiwango kinachoshauriwa kwa madari ya huku.

Kuna jambo jingine ambalo yule mama hakuwa ameambiwa na mtu. Taasisi ya jimbo iitwayo Efficiency Maine hurudisha sehemu ya gharama, mradi kazi ifanywe na kampuni iliyosajiliwa nayo: asilimia 40 kwa mwenye nyumba yeyote, 60 kwa kipato cha kati, 80 kwa kipato cha chini, na ukomo wa dola 4,000, 6,000 na 8,000. (Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo vihakikishe kabla ya kutia saini.) Kipato chake kilikuwa cha kati. Asilimia 60 ya 5,100 ni 3,060, akabaki na dola 2,040 za kulipa. Kampuni ya bei nafuu haikuwa imesajiliwa, ingemgharimu dola 2,600 kamili. Familia zenye kipato kidogo kabisa zinaweza kuhamiwa nyumba bure kupitia mpango wa shirikisho ulioanzishwa mwaka 1976, ingawa foleni ni ndefu. Punguzo la kodi ya shirikisho, hilo lilikoma kwa kazi za baada ya 31 Desemba 2025, na anayeendelea kukuahidi hilo anakupotosha.

Kuta ni hesabu nyingine. Tunatoboa, tunashindilia selulosi, tunaziba. Mara nyingi huwa dola 3 hadi 5 kwa futi ya mraba. Povu gumu la kupuliza huhesabiwa kwa inchi, dola 1 hadi 2 kwa futi ya mraba kwa kila inchi moja, nami nalipendekeza kwa ukingo wa msingi tu, penye unyevu.

Kabla ya yote, fundi apande darini na tochi. Akikuta nyaya za zamani zilizopitishwa kwenye vishikizo vya kauri, aitwe fundi umeme kwanza. Kuzifunika ni kutafuta moto. Akikuta punje nyepesi zinazometameta, rangi ya kijivu au dhahabu, hiyo ni vamikulaiti. Nyingi ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na ina asibesto. Usiiguse, usiifagie, watoto wasipande.

Kazi ikiisha, dai karatasi. Kanuni za shirikisho zinamtaka aliyehami aandike eneo, unene, kipimo cha R na, kwa selulosi, idadi ya mifuko aliyotumia. Tunapigilia pia vipimo vya karatasi kwenye mbao za darini, vyenye namba za inchi. Yule mama alipanda ngazi mwenyewe na tochi, akavisoma kimoja kimoja, ndipo akaandika hundi.