Mabadiliko Yasiyotarajiwa katika Programu za Objekti

Ukiulizwa faida ya kuandika programu kwa mtindo wa objekti, usiishie kujibu kwamba "programu hubadilika kwa urahisi". Hilo ni nusu ya jibu. Hubadilika kwa urahisi pale tu mwandishi wake alipoacha mlango.

Chukua klasi iitwayo Mgonjwa. Mwandishi akijua kwamba baadaye atahitaji wagonjwa wa nje na wa kulazwa, huandaa klasi mbili zitakazoirithi. Likija jambo ambalo hakuliwaza, urithi haumsaidii sana. Itambidi afungue msimbo wa zamani, asimamishe mfumo, kisha ajaribu upya kila sehemu inayoutegemea.

Tatizo hili halikwepeki. Mwaka 1974 Meir Lehman wa Imperial College, London, alieleza kwamba programu inayotumika lazima iendelee kurekebishwa, la sivyo manufaa yake hupungua. Mwaka 2002 watafiti wa programu za objekti walikutana Málaga, Hispania, katika warsha ya suala hili pekee. Waliuliza: objekti inayoendelea kufanya kazi yaweza kupewa tabia mpya bila kugusa msimbo wa klasi yake? Jibu mojawapo, lililofanyiwa kazi na Günter Kniesel wa Bonn, ni kukasimu. Objekti huikabidhi nyingine sehemu ya kazi yake, na hiyo nyingine yaweza kubadilishwa programu ikiwa bado inaendelea.

Mfano wa nchini mwetu ni DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za MTUHA kutoka zahanati na hospitali. Umeandikwa kwa lugha ya Java, na kazi hiyo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. (Oslo ndipo Dahl na Nygaard walipobuni Simula 67, lugha ya kwanza ya objekti.) Huku kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki, na mwaka 2013 mfumo ulisambazwa nchini.

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Kama majina ya mikoa yangeandikwa ndani ya msimbo, angehitajika mwandishi wa programu kuufungua. Katika DHIS2 mkoa, wilaya na zahanati zote ni objekti za klasi moja, na kila objekti huonyesha iliyo juu yake. Msimamizi huongeza objekti ya Songwe, kisha huzihamishia wilaya zake chini yake. Lusewa nako, ambako zamani kulihesabiwa Songea Vijijini kabla ya Namtumbo kuwa wilaya, kungehamishwa vivyo hivyo.

Kuna gharama, na hapa ndipo mtahiniwa makini hujitofautisha. Takwimu za zamani huifuata zahanati ilikohamia. Ukijumlisha upya wagonjwa wa malaria wa Mbeya wa mwaka 2014, jumla itakuwa ndogo kuliko ile ya taarifa iliyochapwa wakati ule. Hakuna mgonjwa aliyefutwa. Ni mpaka tu uliohama. Msimbo ulinusurika, lakini maana ya namba imebadilika, na asiyejua ataandika kwamba malaria ilikuwa kidogo.

Swali la kujipima: Shule yako inaongeza mkondo mpya katikati ya muhula. Panga klasi za programu ya matokeo ili msimbo usiguswe, kisha eleza alama za mwanafunzi aliyehamishwa zihesabiwe katika mkondo upi.