Mguu wa kuku haukatiwi tiketi

MOMBO haina baridi. Anayeshuka kutoka Lushoto na koti lake zito, akipita Soni na kuzimaliza zile kona zote hadi barabara kuu, huanza kulivua kabla gari halijasimama. Ni kama kilomita 32 tu, lakini kule juu watu wanavaa makoti na huku chini wanatembea na shati moja.

Kwa shabiki anayewahi basi la kwenda kuangalia mpira, hilo ni suala la mavazi tu. Kwa anayetaka kubeba bastola kila siku bila watu kuiona, hilo ndilo swali la kwanza.

Mchukulie mgosi mmoja wa Mombo, wa kufikirika tu, lakini wa aina ambayo kila mtu pale anaijua. Ananunua viazi, kabichi na nyanya za milimani, anapakia lori kwenda Dar es Salaam, anarudi usiku na fedha za watu. Ni Coastal Union damu damu, babu yake anamsimulia mpaka leo ubingwa wa mwaka 1988. Ameamua kuomba kibali cha kumiliki bastola, ule ‘mguu wa kuku’ kama vijana wanavyouita.

Sasa Jumamosi Wagosi wa Kaya wanamkaribisha Simba pale Mkwakwani, Tanga. Maswali ni mawili. Achague bastola gani? Na siku ya mechi hiyo bastola iwe wapi?

Watu wengi hukesha na swali la kwanza. La pili ndilo linaloamua kama mtu yuko tayari kumiliki silaha au bado.

HOFU SI YA KUBUNI

Wanaotaka bastola wana sababu zao, na soka lenyewe limeshuhudia. Aprili 3, 2024, beki wa Kaizer Chiefs, Luke Fleurs, alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta Honeydew, Johannesburg. Majambazi wenye silaha wakamwamuru ashuke, wakampiga risasi na kuondoka na gari lake. Alikuwa na miaka 24, na alikuwa ameshaichezea Afrika Kusini kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Tukio kama hilo ndilo humfanya mtu aseme, ‘bora na mimi niwe nayo’. Lakini lina somo jingine pia. Jambazi huchagua muda, mahali na mtu. Mtutu ukishaelekezwa kwako, bastola iliyo chini ya shati imeshachelewa, na mkono unaoifuata unaweza kuharakisha kifo. Kwa hiyo kabla ya chuma kuna hatua nyingine: kupokea malipo kwa simu au benki, kutosafiri na fedha usiku, kutotangaza safari. Hizo hazihitaji kibali cha mtu.

NDOGO HUFICHIKA, LAKINI INAPIGA TEKE

Tuseme mgosi ameshapima yote hayo na bado anaitaka. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanadhani bastola ndogo ndiyo rahisi kutumia. Ni kinyume chake.

Chukua mfano wa Glock ya Austria, jina linalojulikana zaidi katika bastola za siku hizi. Glock 19, ambayo ni ya ukubwa wa kati, ina uzito wa gramu kama 600 bila magazini, na magazini yake ya kawaida inabeba risasi 15. Ndugu yake mwembamba, Glock 43, iliyotoka mwaka 2015, ina gramu kama 460 na inabeba risasi sita. Zote zinatumia risasi ile ile ya milimita 9.

Risasi ni moja, lakini chuma cha kulibeba teke lake kimepungua. Ndiyo maana bastola ndogo hurusha mkono zaidi. Mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa kule mbele. Mpini nao ni mfupi, kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Ni kama kumpa kipa glovu za mtoto halafu umlaumu kwa kutema mipira.

Upande wa pili, bastola kubwa inatulia mkononi lakini haitulii kiunoni. Kwa joto la Mombo, chini ya shati moja la mikono mifupi, inachora umbo lake kila unapoinama kupakia gunia. Koti la Lushoto lingeificha, lakini koti hilo saa saba mchana pale stendi lingekuwa tangazo lenyewe. Kwa hiyo mgosi achague kwa nguo anazovaa kila siku, siyo kwa koti la msimu wa baridi.

Kuna njia ya tatu, ile bastola ya gurudumu, rivolva. Nyingi za ukubwa wa kubebwa zinachukua risasi tano. Haina magazini ya kusahau, na kwa kawaida kifyatulio chake ni kirefu na kizito kuvuta. Hilo linapunguza bahati mbaya, lakini linahitaji mazoezi ili mkono usitikisike.

Kipimo cha mwisho ni risasi zenyewe. Bastola ya kigeni yenye risasi za nadra ni kama kusajili straika ambaye hapati kibali cha kazi. Milimita 9 ni saizi inayotumika karibu dunia nzima, na asiyepata risasi za mazoezi hataijua silaha yake. Siku ya shida ataishika kama mgeni.

MKOBA KWANZA, SURUALI BAADAYE

Kama kuna kitu wanunuzi wanakidharau ni mkoba wa bastola. Wanatumia mamilioni kwa chuma, halafu wanakichomeka kwenye mkanda hivi hivi.

Wamuulize Plaxico Burress. Februari 2008 alikuwa shujaa wa New York Giants, aliyedaka pasi ya ushindi kwenye fainali ya Super Bowl, ule mpira wa Wamarekani. Novemba mwaka huo huo aliingia klabu ya usiku Manhattan akiwa na bastola kiunoni, bila mkoba. Ikaanza kuteleza kuingia kwenye mguu wa suruali. Akaidaka kama alivyozoea kudaka mipira, kidole kikakuta kifyatulio. Risasi ikapita kwenye paja lake mwenyewe.

Hakufa, lakini bastola hiyo haikuwa na kibali halali pale New York. Alihukumiwa miaka miwili jela, na Giants wakaachana naye. Mikono iliyoleta kombe ndiyo iliyomfungisha.

Mkoba unaofaa unafanya kazi tatu. Unafunika kifyatulio chote ili kidole wala kitambaa kisipenye. Unashika bastola isidondoke hata mtu akikimbilia basi. Na unabaki mahali pale pale kila siku, ili mkono usitafute. Suruali ya mazoezi yenye mpira kiunoni haifai, mfuko wenye funguo na sarafu haufai, na mkoba wa begani unaowekwa chini ya meza ya chakula pale mabasi yanaposimama ndio mbaya kuliko yote.

KIBALI NI CHA MTU, SIYO CHA UKOO

Tanzania bastola hainunuliwi kama jezi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji achunguzwe kwanza. Maombi huanzia kwa viongozi wa mahali anapoishi, watu wanaomjua kama ni mgomvi au mtulivu, kisha yanapanda hadi ngazi ya wilaya, ambayo kwa mtu wa Mombo ni Korogwe, na kuishia kwa Jeshi la Polisi lenye usajili wa silaha. Anayepita hupewa kibali chenye jina lake na silaha yake.

Neno la kushika hapo ni ‘jina lake’. Bastola haiazimwi kwa shemeji anayesafiri, haiachwi kwa dereva wa lori, haikabidhiwi kwa kondakta akulindie hadi dakika tisini ziishe. Na hapo ndipo Jumamosi ya Mkwakwani inapokuwa ngumu.

BOSI WA PAOK ALIYEINGIA NA CHUMA

Machi 11, 2018, uwanja wa Toumba, Thessaloniki, Ugiriki. PAOK na AEK Athens wanagombea ubingwa, matokeo 0-0, dakika zinaisha. Fernando Varela, beki wa timu ya taifa ya Cape Verde, anafunga kwa kichwa dakika ya 90. Toumba inalipuka. Mwamuzi analikataa bao, anasema kuna kuotea.

Tajiri wa PAOK, Ivan Savvidis, akaingia uwanjani na walinzi wake kumfuata mwamuzi. Koti lilipofunguka, dunia nzima ikaona bastola ikining'inia kiunoni. Hakuichomoa na hakuna risasi iliyopigwa. Ilitosha kuonekana.

Mechi ikaishia hapo. Serikali ya Ugiriki ikasimamisha ligi siku iliyofuata. AEK wakapewa ushindi wa 3-0, PAOK wakakatwa pointi tatu, Savvidis akafungiwa miaka mitatu kuingia viwanjani. AEK wakabeba ubingwa wao wa kwanza tangu 1994. Savvidis aliomba radhi, lakini radhi hairudishi pointi.

Msimu uliofuata PAOK walichukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Yaani timu ilikuwa na uwezo wa kushinda kwa miguu. Kilichoiponza ni kitu kilichokuwa kiunoni kwa mtu wa jukwaani.

Na pale hakuna aliyekufa. Medellín, Colombia, usiku wa Julai 2, 1994, haikuwa hivyo. Andrés Escobar, aliyejifunga bao kwenye Kombe la Dunia siku kumi tu zilizopita, alitibuana na watu kwenye maegesho ya magari. Maneno yangeisha kwa maneno kama wote wangekuwa mikono mitupu. Aliuawa kwa risasi.

UAMUZI UNAFANYIKA MOMBO

Kanuni za usalama viwanjani za FIFA zinataka hata polisi na walinzi wa pembeni mwa uwanja wasibebe bunduki. Kama mlinzi hatakiwi kuwa nayo, shabiki mwenye tiketi ya mzunguko ana hoja gani?

Sasa mpange mgosi safari yake. Akifika getini Mkwakwani na chuma, atakaguliwa na kuzuiwa, na pengine kuwatia watu hofu kwenye foleni. Akikiacha kwenye basi, kinaweza kuibwa, na kesho kikatumika kumvamia mfanyabiashara mwenzake. Kumkabidhi rafiki ni kosa. Kurudi nacho Mombo mpira umeanza haiwezekani.

Kwa hiyo uamuzi haufanyiki Tanga. Unafanyika asubuhi nyumbani, kabla ya Korogwe, Segera na Muheza. Bastola inaingia kwenye kasha la chuma lililofungwa vizuri, bila risasi, ufunguo mbali na watoto. Asiye na kasha la uhakika aende kituo cha polisi aulizie utaratibu wa kuihifadhi. Vivyo hivyo kwa siku anayokwenda banda umiza kuangalia mechi za Ulaya, na kila siku anayojua kutakuwa na bia. Pombe na bastola havikai kiuno kimoja.

Akiona hilo ni usumbufu mkubwa, amepata jibu la swali la kwanza pia. Bastola inayomfaa ni ile ambayo hajainunua.

Maana dakika ya 90 itafika tu. Coastal watafunga, Mkwakwani itasimama, na kule pembeni kibendera kitanyanyuliwa juu. Shabiki wa Simba wa siti ya nyuma atacheka na kusema neno baya. Mkono wa mgosi utashuka kiunoni bila yeye kuuambia.

Ukute simu na tiketi.