Ukocha wa Maisha na wa Kazi, na Anayeuhitaji

Neno kocha liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa uwanja wa mpira, na kwa wasemaji wengi bado humaanisha mtu anayepanga kikosi, anayefoka kando ya mstari na anayefukuzwa timu inapofungwa mechi tatu mfululizo. Asili yake ni ya mbali zaidi: Kocs ni kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na jina lake likawa jina la gari hilo katika lugha kadhaa za Ulaya. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walilitumia kwa mzaha kumwita mwalimu wa ziada aliyembeba mwanafunzi hadi ng'ambo ya mtihani, kisha likahamia michezoni. Picha hiyo ya chombo kinachomfikisha abiria alikokusudia mwenyewe ndiyo inayoubeba ukocha wa maisha na wa kazi, yaani mfululizo wa mazungumzo ya faragha yanayolipiwa, ambamo mtu humsaidia mwingine kutambua analolitaka, kuona kinachomzuia na kutimiza alichoahidi kukifanya.

Fikra inayoutofautisha ukocha huu na ule wa kandanda ilianzia katika tenisi. Timothy Gallwey, mwalimu wa mchezo huo huko California, aligundua kwamba kadiri alivyozidisha maelekezo ndivyo wanafunzi walivyozidi kukakamaa, na kwamba walipopewa kazi ya kuangalia tu, kwa mfano kutamka kwa sauti kila mpira ulipodunda na kila ulipopigwa, mwili ulijirekebisha. Hoja hiyo aliieleza katika The Inner Game of Tennis, kitabu cha mwaka 1974. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, aliipeleka fikra hiyo maofisini, na kitabu chake cha mwaka 1992 kilieneza utaratibu ambao makocha wengi bado huufuata: mteja hutaja lengo, akaeleza hali yake ilivyo bila kuipamba, akapima njia zilizopo, kisha akasema atafanya lipi na lini. Utaratibu huo unaonekana mwepesi kiasi cha kutostahili kulipiwa, na ungekuwa hivyo kama hatua ya pili isingekuwa ngumu kuliko zote, kwa kuwa watu wengi huruka kutoka kwenye lengo hadi kwenye njia bila kukiri waliposimama.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba kocha ni kungwi au somo aliyebadilishiwa jina, ilhali mienendo yao inapingana. Kungwi humpokeza mwari maarifa ambayo jamii imekwisha kuyakubali, na mwari hatarajiwi kuyajadili; kocha huanza na dhana kwamba mteja ndiye mjuzi wa maisha yake, kwa hiyo huuliza zaidi ya anavyoeleza. Mshauri wa biashara huuza jibu, na mnasihi, yaani mtaalamu wa ushauri nasaha, hushughulikia majeraha ya moyo na ya mahusiano. Mtu mwenye sonona anahitaji tabibu, na kocha mwadilifu humwelekeza huko badala ya kupokea fedha yake.

Mipaka hii, hata hivyo, imenyooka zaidi vitabuni kuliko kazini. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, alieleza mwaka 2011 katika jarida la The New Yorker jinsi alivyomwalika mwalimu wake wa zamani, daktari mstaafu, amtazame akipasua, baada ya kuhisi kwamba ustadi wake umeacha kupanda. Mstaafu huyo aliona kwamba taa ilikuwa imehama kutoka kwenye kidonda bila mpasuaji kutambua, na kwamba kiwiko chake kilinyanyuka mno. Hapakuwa na maswali ya kina wala ndoto ya maisha. Palikuwa na jicho la pili tu, na yamkini hiyo ndiyo sehemu ya ukocha isiyobishaniwa thamani yake, kwa maana nyani haoni kundule.

Ushahidi wa kitaalamu upo, ingawa si mzito kama wauzaji wanavyoutangaza: uchambuzi wa tafiti 18 uliochapishwa na watafiti wa Amsterdam mwaka 2014 ulikuta manufaa katika utendaji, ustawi na uwezo wa kujiongoza, lakini manufaa hayo yalipungua pale waliopata ukocha walipolinganishwa na wasioupata. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha. Shirikisho la Kimataifa la Ukocha, lililoanzishwa mwaka 1995, hutoa vyeti vya ngazi tatu, cha chini kikidai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi, na cha juu saa 200 na saa 2,500. Cheti hicho huthibitisha mazoezi, wala hakidhamini hekima.

Kwa hiyo anayekosa ujuzi, kama wa hesabu za biashara, atafute mwalimu, ambaye aghalabu ni nafuu zaidi. Kocha humfaa anayejua la kufanya na halifanyi, au meneja aliyepanda cheo hadi akazungukwa na watu wa "ndiyo bosi", asibaki na wa kumwambia ukweli. Asiyetaka kubadilika, hasa aliyepelekwa na mwajiri kama adhabu, atapoteza muda wa watu wawili. Na mwajiri anapolipa, huzuka jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: nani atasikia yaliyosemwa chumbani? Makubaliano ya pande tatu yaandikwe kabla ya kikao cha kwanza, yakieleza kwamba mwajiri ataarifiwa malengo na mahudhurio, si maungamo.

Anayeahidi utajiri kwa siku 30 si kocha bali mhamasishaji aliyehama jukwaa. Makocha wengi hutoa mazungumzo ya mwanzo bila malipo, na humo mteja ana kipimo chepesi: ahesabu ni nani aliyesema zaidi. Ikiwa ni kocha, atafute mwingine. Ikiwa ni yeye mwenyewe, na ameondoka na swali ambalo hakuja nalo, asaini vikao vichache kwanza, kwa mkataba unaomruhusu kuondoka.