Je, Wajua? Ruashi na Swali la Nani Mwenyeji

Je, wajua kwamba mwanafalsafa V.Y. Mudimbe alizaliwa Jadotville, Likasi ya leo, tarehe 8 Desemba 1941, siku moja kabla ya askari wa Wabelgiji kuwapiga risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma Élisabethville, yaani Lubumbashi? Katika The Invention of Africa (1988) aliandika kwamba ukoloni hufanya kazi tatu: kutwaa ardhi, kugeuza akili za wenyeji, na kuufunga uchumi wao kwenye ule wa Magharibi.

Ruashi, komini ya Lubumbashi, ilizipata zote. Ina mgodi wa shaba, ambao sasa uko mikononi mwa kampuni ya Kichina, Jinchuan. Nyumba za site, yaani mtaa wa Waafrika, zilijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, mbali na mitaa ya Wazungu. Kuhusu akili, Mkongo aliyetaka kuhesabiwa "mstaarabu" alikaguliwa hadi nyumbani kwake: analalaje, anakulaje. Waliokuwa wakikagua hawakukaguliwa na mtu.

Je, wajua kwamba kura ndiyo iliyochochea ugomvi wa nani mwenyeji? Desemba 1957 Wabelgiji waliwaruhusu wanaume wa mjini kuchagua madiwani. Kina mama hawakupiga kura. Komini nne za Waafrika mjini Élisabethville, Ruashi ikiwemo, zote zilipata maburugumesta (wakuu wa komini) waliotoka nje ya Katanga, wengi wao kutoka Kasai, watu ambao wazazi wao au wao wenyewe waliletwa kufanya kazi kwenye migodi na reli. Waliojiita wenyeji wakakasirika, na mwaka 1958 wakaunda Conakat, chama cha Godefroid Munongo na Moïse Tshombe.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga huru, akidai haki ya watu kujitawala, haki ileile ambayo Patrice Lumumba aliidai kwa Kongo nzima. Lumumba aliteremshwa akiwa mfungwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano, upande uleule wa mji iliko Ruashi, tarehe 17 Januari 1961, akauawa usiku huo. Katanga haikutambuliwa na dola hata moja, nayo ikaisha Januari 1963. Swali la nani mwenyeji halikuisha: mwaka 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai walifukuzwa Katanga, wengi wakisubiri treni kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi.